Kengele ya Dirisha la Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Wezi wameingia kwa mshonaji, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mchana kweupe! Wamepitia dirishani, wamebeba cherehani na suruali ya mtu ikiwa bado chini ya sindano. Mshonaji mwenyewe alikuwa jikoni anachemsha chai.

Mama mkwe aliposikia akaingia chumbani kwake, akatoka na begi. Anasema Jumapili anaondoka, anakwenda kwa mwanawe mkubwa, safari ya siku nzima kwa basi. Anasema sisi wawili tunashinda kazini na yeye anabaki peke yake na dirisha linalofungwa kwa msumari uliopinda. Ni kweli. Msumari niliupinda mwenyewe.

Mke wangu aliosha vyombo vyote kwanza. Kisha akasema kwamba mama yake akiondoka kwa sababu mimi nimeshindwa kulinda dirisha moja, basi yeye ndiye atakayemsindikiza, na nisimuulize siku ya kurudi.

Halafu nani huyo mlangoni? Cheche! Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, fundi wa kuchomelea vyuma, na futi ya kupimia tayari mkononi. Eti atatutilia nondo dirishani kwa siku moja tu. Nikamwambia nyumba yangu si jela. Mke wangu akanitazama. Nikaongeza kwamba mimi ni fundi saa, nina akili zangu, na kabla ya Jumapili mama atakuwa anashinda ndani bila hofu yoyote.

Sijui nitafanya nini. Hata hivyo nashukuru. Mwaka juzi nilipougua, mama huyu alininywesha supu kwa kijiko siku kumi na mbili, na kila kijiko kilikuja na neno la kunisema. Sitaki aende.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepata! Nimepata, nimepata!

Kamani ya saa ya ukutani, yaani ile springi yake kubwa, ukiitia ufunguo mara moja inakwenda siku nane. Kengele mbili za baiskeli. Nyundo ndogo ya saa ya mezani. Kipini kinachoizuia kamani nimekifunga waya, na waya nimeufunga kwenye bawa la dirisha. Mwizi akilivuta dirisha upana wa kidole tu, kipini kinachomoka, kamani inafunguka, nyundo inapiga. Haili umeme wala betri. Msumari nimeung'oa. Una kazi gani tena?

Na hapa ndipo akili yangu ilipotulia. Haizimiki ila kwa ufunguo, na ufunguo ni mmoja, uko shingoni mwangu kwa kamba. Mwizi ataizima kwa kitu gani? Kwa meno?

Nimeijaribu jioni. Sikumwambia mtu, ili jaribio liwe la kweli. Nikazunguka nje, nikavuta dirisha. Ikalia! Mama mkwe akanimwagia ndoo nzima ya maji ya kupigia deki. Shati likanigandia, kamba ya ufunguo ikajifunga kwenye kifungo, nikashindwa kuutoa. Basi nikasema niache nipime muda. Dakika thelathini na nane bila kupumzika! Kamani hii waliitengeneza watu waliokuwa wanajiheshimu.

Mama mkwe hapotezi shabaha. Nashukuru ndoo ilibaki mkononi mwake.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nikiwa dukani kwangu, pale kwenye kona, saa tatu na robo nikaisikia. Haikuwa mwizi. Mama mkwe alikuwa amefungua dirisha apate hewa.

Walinitumia mtu mbio niende na ufunguo. Nikamwambia dakika mbili. Nilikuwa ndani kabisa ya saa ya mkononi ya mwanamke, gurudumu kama punje ya mtama limesimama kwenye ncha ya koleo. Huwezi kuondoka hapo. Mtaa mzima wananiita Dakika Mbili, na mimi sikatai, kwa sababu kazi nzuri haina haraka. Nilipofika nyumbani kengele ilikuwa imekwisha kunyamaza yenyewe.

Watu kumi na mmoja walikuwa wamekusanyika chini ya dirisha! Nimewahesabu. Wengine na fimbo. Jamani, hii ndiyo maana ya mtaa. Nilitaka kuwakumbatia mmoja mmoja.

Cheche peke yake ndiye aliyenuna. Anasema kengele ilimshtua akiwa anachomelea geti la mteja, na sasa geti limeshikana na fremu yake, halifunguki tena maisha. Nikamwambia kwa mtu anayeogopa wezi, hilo ndilo geti bora kuliko yote aliyowahi kutengeneza. Hakucheka.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Imelia mara nne. Upepo mara mbili, paka mara moja, mama mara moja.

Mara ya kwanza walikuja watu saba. Mara ya pili watatu. Mara ya tatu mmoja, tena alikuwa anauliza saa. Mara ya nne hakuja mtu. Nimefurahi sana. Maana yake wamekwisha kuizoea na wana imani nayo.

Nimemfundisha mama mkwe utaratibu. Akitaka hewa, amtume mpita njia aje dukani aniite. Mimi nitakuja, nitafunga kamani kwa ufunguo, nitafungua dirisha, nitasubiri avute hewa mpaka atosheke, kisha nitafunga na kuitega upya. Akauliza kwani siku hizi bibi kizee mmoja anahitaji watu wangapi ili apumue.

Mke wangu anataka ufunguo ubaki nyumbani, kwa mama. Nikamweleza kwa upole kwamba ufunguo ukibaki ndani, mwizi atauona. Akaniuliza mwizi huyo akishaingia ndani na kuanza kutafuta ufunguo, kengele itakuwa inamsaidia nani. Swali gumu lile. Nikaenda kulala.

Begi bado liko mlangoni pa chumba cha mama. Limefungwa zipu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Cheche amepitisha karatasi mtaani. Inataka kengele ing'olewe. Sahihi kumi na tatu! Hata mshonaji ametia yake. Anasema wezi walau walikuja siku moja wakaondoka.

Nimesoma karatasi yote kwa lenzi yangu. Mwandiko wa Cheche ni mbaya lakini hoja zake zimepangika. Nikatia sahihi ya kumi na nne, watu wasione kama kuna uadui. Nashukuru kuishi na majirani wanaosema mambo usoni.

Nimewaahidi nitaing'oa kesho jioni. Siing'oi. Jumapili iko mlangoni, mama hajafungua begi. Ninachohitaji ni mwizi mmoja tu, mwizi mdogo, aguse dirisha na kukimbia mbele ya mashahidi. Nilimwomba fundi viatu anayekaa jirani na duka langu ajifanye mwizi kesho saa kumi. Amekataa, eti ana familia.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Leo niandike yote kama yalivyokuwa.

Asubuhi mke wangu alikwenda saluni kwake. Mimi dukani. Mama peke yake, mlango kaufunga komeo kwa ndani kwa kuogopa wezi. Akapiga deki chumbani. Akateleza. Akaanguka na nyonga, akalalia mkono, akashindwa kuinuka. Aliita, lakini sauti yake haivuki hata pazia. Basi akaburura ufagio wa deki kwa mkono mzima, akausukuma mpini juu mpaka ukalifikia dirisha, akalisukuma.

Ikalia.

Hakuja mtu. Dakika tano. Kumi. Watu walipita barabarani, wakatikisa kichwa, wakaenda zao. Nani aje? Nilikwisha kuwafundisha wasije.

Na mimi niliisikia! Lazima niandike hili. Niliisikia kutoka dukani, wazi kabisa, na nikafurahi. Nikamwambia mteja: unaisikia ile? Ni yangu mimi. Hata nikaangalia saa ya ukutani nione kama itafika dakika thelathini na nane. Mama yangu amelala sakafuni kwenye maji, na mimi ninapima muda.

Dakika ya ishirini na tatu Cheche alishindwa kuvumilia. Akachukua nyundo, akazunguka hadi dirishani kwetu, ameapa leo kengele ile atailaza. Akavuta bawa la dirisha ainue mkono, akamwona mama chini. Akaruka ndani. Akapita, maana dirisha halina nondo! Akaiponda kengele kwa pigo moja ili amsikie mama anasema nini, akafungua komeo, akamlaza kwenye mkokoteni wake wa kubebea vyuma, juu ya koti lake.

Nilimwona anapita mbele ya duka mbio, na kwenye mkokoteni kuna shuka ya mama. Niliruka meza. Saa ya mteja ikaanguka, sikugeuka. Nilikimbia nyuma ya mkokoteni ule nikiita mama, mama, mpaka hospitali. Yeye akageuza kichwa kidogo akaniambia nisipige kelele, kelele za wiki hii zimemtosha.

Nyonga imeteguka, haikuvunjika. Mkono umevunjika, wamefunga plasta. Daktari anasema kama angekaa kwenye maji yale mpaka jioni, kwa umri wake, tungekuwa tunazungumza mambo mengine.

Nimelia kwenye bega la Cheche. Linanuka moshi. Alinipigapiga mgongoni, akaniambia nisimpake kamasi.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Leo ndiyo siku aliyokuwa aondoke. Yuko kitandani, mkono mweupe juu ya mto.

Daktari amekataza safari wiki sita. Nikasubiri aseme kwamba baada ya wiki sita ataondoka. Hakusema. Alisema kwa mwanawe mkubwa ni nyumba nzuri, ina geti na ukuta, lakini akianguka kule nani ataruka dirishani kumfuata? Akamwambia mke wangu akifika nyumbani afungue begi, nguo zisije zikakunjamana bure. Mke wangu akatoka nje ya wodi. Nilipomfuata alikuwa anafuta macho kwa kilemba. Akanishika mkono. Hajanishika mkono tangu Jumatatu. Nashukuru, nashukuru, sina neno lingine.

Kisha akanyoosha kiganja. Nikavua kamba shingoni nikampa ufunguo. Akaniambia niape: hakuna kengele tena kwenye dirisha la nyumba yetu, na Cheche aje kutia nondo, zenye kijimlango cha kufungua kwa ndani. Nikaapa. Kwa moyo wangu wote nikaapa.

Cheche alikuja kumwona mgonjwa, kavaa shati safi. Mama akamwita mwanangu. Mimi miaka tisa ananiita wewe. Sikuona wivu. Kidogo tu.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mama karudi nyumbani. Tangu asubuhi Cheche yuko kwetu anapima, anakata, anachomelea. Amekataa malipo. Anasema mama amekwisha kumlipa kwa kumwita mwanangu.

Nimekaa dukani nikawaza. Mtu huyu ametuokolea mama. Nitamrudishia nini? Saa anayo. Chai atakunywa, itakwisha. Ndipo nikakumbuka dirisha lake. Amezunguka mtaa mzima akitilia watu nondo, na karakana yake mwenyewe, yenye mashine na vifaa vyote vya kulishia watoto wake, ina dirisha la mbao na msumari uliopinda! Roho iliniuma.

Niliapa kwa ajili ya nyumba yetu. Ya Cheche si nyumba yetu.

Basi alipokuwa kwetu ananing'inia dirishani, mimi nilikuwa kwake. Sikumwambia mtu. Nataka iwe zawadi ya kushtukiza. Safari hii nimeweka kamani mbili, na badala ya kengele za baiskeli nimetia ile ya shaba niliyoitoa kwenye saa kubwa ya stesheni. Nimepiga hesabu: saa moja na dakika ishirini. Ufunguo wake nao ni mmoja, uko shingoni mwangu, mahali pa salama.

Sasa hivi ninavyoandika, inalia! Mkewe bila shaka amefungua apate hewa. Lo, sauti yake! Glasi za saa zote humu dukani zinatetemeka. Nasikia na mlio mwingine juu yake, kitu kama bamba la chuma limeanguka kutoka dirishani kwetu, na mtu anapaza sauti kwa nguvu zote. Ni Cheche. Hawezi kuficha furaha yake.

Fundi viatu amechungulia, uso umempauka. Anasema Cheche anakuja huku mbio, na nyundo mkononi. Ile ile ya Jumamosi! Ameileta ya ukumbusho. Machozi yananilenga.

Nimemwambia fundi viatu amzuie hapo mlangoni, amkaribishe kiti. Nina saa ya mwanamke mezani, gurudumu limesimama kwenye ncha ya koleo. Dakika mbili tu.