Beda wa Majengo na Vita vya Kitufe Kimoja

Jongeeni, enyi watu wa Ufipa, mliovuna ulezi na mnaousubiri ukauke, sogezeni vigoda na muwanyamazishe watoto, kwa maana nataka kuwasimulia vita visivyomwaga damu ila jasho, vilivyopiganwa asubuhi ya Jumamosi moja ya mwezi wa saba, katika kibanda cha fundi pale Majengo, mjini Sumbawanga. Asiye na subira aondoke sasa. Mimi nikianza sikatizwi.

Shujaa wetu ni Beda mwana wa Alfonsi, Beda mfufua redio, Beda mchomelea nyaya kwa risasi asiyetetemeka mkono, aliyekuwa na kompyuta mpakato kuukuu iliyokwisha kukataliwa na mafundi watatu, naye akaitia mfumo mpya wa Linux, ikaamka, ikamtii kama ng'ombe wa plau. Kwa kompyuta hiyo aliandika programu, na programu hizo akazipakia kwenye vibao vya saketi vidogo kama kiberiti, na vibao hivyo akavitia ndani ya vyombo vya watu, ili chombo kijiongoze chenyewe pasipo kusimamiwa. Watu wengine walimwita mchawi, lakini redio zao walimletea.

Mbele yake siku ile alikaa Avelina wa Kasense, mjane, mlinzi wa mayai sitini. Mayai hayo yalikuwa yametimiza siku ya kumi na nane ndani ya mashine ya kutotolea vifaranga, sanduku la mbao lenye globu kubwa, na kibao kilichokuwa kikiwasha na kuzima globu hiyo kilikuwa kimekufa jana yake. Tangu hapo, ndugu zangu, kibao kilikuwa ni Avelina mwenyewe. Joto likizidi anachomoa plagi, likipungua anachomeka, maana baridi ya Ufipa haina huruma na yai. Alikuwa amelisindikiza sanduku lake kutoka Kasense juu ya mkokoteni, limevikwa mablanketi matatu, na hapo kibandani alikuwa hajafumba jicho tangu jana. Mwezi wa nne usingizi ulimpitia mara moja tu, na mayai yote yakaivia humo humo. Haya nayo yakifa, alimwambia Beda, mashine anaiuza na hatajaribu tena. Hakulia alipoyasema hayo. Aliyasema kama mtu aliyekwisha kukata shauri, na Beda yakamchoma moyo.

Programu ilikuwa tayari. Kibao kipya kilikuwa tayari, kimeunganishwa na globu kwa waya mrefu. Kilichobaki ni kuipakia programu kwenye kibao, kazi ya dakika tano na ushee. Lakini ole wake Beda, kibao kile kilikuwa na kibonyezo kidogo kama punje ya ulezi, ambacho sharti kikandamizwe muda wote programu inapoingia, na ukikiachia tu imekatika, unaanza upya. Na amri ya kupakia Beda alikuwa ameifunga kwenye vitufe vitatu vya kibodi vinavyobonyezwa kwa pamoja, kimoja huku na viwili kule, na vidole vya mkono mmoja havifiki, naye Avelina haiachii plagi. Alijaribu kukibana kibonyezo kwa kibanio cha nguo. Kibanio kikaruka kama panzi, kikaingia chini ya kabati, na mpaka leo kimo.

Ndipo Beda aliposimama, akavuta suruali, akaihutubia kompyuta. "Sikilizeni, enyi vitufe vitatu mliojiona wafalme. Leo nawavua madaraka. Nitakitawaza kimoja tu, kitatawala peke yake chini ya kidole changu kimoja, na mkono wangu wa pili utakwenda vitani."

Avelina akamwomba ahutubie huku anafanya kazi.

Akaingia kwenye mipangilio ya kibodi, akazikuta njia za mkato zimepangwa safu kwa safu. Kwanza alikitawaza Enter, kwa kuwa ni kikubwa na kina heshima. Lo, kosa gani hilo! Tangu hapo kila alipomaliza mstari wa maneno, programu ilirushwa kwenda kwa kibao kisichojiandaa, na kompyuta ikamsuta kwa maandishi mekundu mara tisa. Akakivua Enter taji lake. Akatafuta pembezoni, juu kulia, akakiona kitufe kiitwacho Insert, ambacho tangu kompyuta ile ije duniani hakuna aliyejua kazi yake. Akakikabidhi amri yote, na mashine ikakubali bila neno.

Mngedhani vita vimekwisha. Thubutu! Adui wa kweli ndiyo kwanza alikuwa anapiga hodi, na adui huyo, msinicheke, alikuwa adabu. Siku ile jumuiya ya kanisa ilikuwa inasali nyumba ya pili, na wazee wote waliokwenda huko walipita mlangoni kwa Beda, na hakuna mzee wa Ufipa anayepita mlangoni kwa mtu bila kuingia kumjulia hali. Nanyi mnajua kwetu salamu ya mkubwa ilivyo: mdogo huchuchumaa, akapiga makofi ya taratibu kwa viganja vyote viwili, mpaka mkubwa aridhike. Kofi la mkono mmoja halijapata kusikika.

Aliingia Bibi Cornelia programu ikiwa asilimia ishirini. Beda akaachia kila kitu, akachuchumaa, akapiga makofi, na programu ikakatika. Akaingia Mzee Adolfu na habari za samaki, migebuka ya Kasanga, programu ikiwa asilimia sitini, nayo ikakatika. Baya zaidi, Avelina naye alikuwa mdogo kwao, kwa hiyo kila salamu ilimpokonya plagi mikononi, na joto likapanda bila msimamizi. Beda na Avelina wakafunga mlango. Wakaja watu watatu kutoa pole, wakidhani kuna msiba, na wote watatu walikuwa wakubwa wao.

Kisha ukasikika mkongojo wa Mzee Alois, katekista mstaafu, jabali la adabu, aliyewahi kutembea mpaka Kasense kumdai mtu salamu aliyonyimwa sokoni. Kipimajoto kilisoma thelathini na saba, na Avelina ndiyo kwanza alikuwa amechomeka plagi. Wakatazamana. Beda akavua kandambili. Akakiweka kibao sakafuni, akaiweka kompyuta juu ya kigoda, akachuchumaa mbele yake, akakikandamiza kibonyezo kwa kidole gumba cha mguu, na Mzee Alois alipovuka kizingiti, Beda akainama, akakibonyeza Insert kwa ncha ya pua, na mikono yake miwili, ikiwa huru kabisa, ikaanza kupiga makofi.

Mzee Alois akasimama pale pale. Miaka yote ya utumishi wake hakuwahi kuona kichwa cha kijana kikishuka hivyo. "Alfonsi amelea," akasema mwishowe. "Wenzako wananipungia mkono kama wanaita bodaboda. Basi, mwanangu, inatosha. Simama."

Programu ilikuwa asilimia arobaini, joto thelathini na nane na nusu.

Kusimama kulikuwa ni kuyaua mayai sitini. "Sisimami, baba," akasema Beda, makofi yakiendelea, "kabla sijajua goti lako limeamkaje."

Goti lilikuwa limeamka vibaya, na Mzee Alois akalieleza tangu masika. Asilimia hamsini na tano. Beda akauliza mahindi ya mzee, na wajukuu wa mzee, na paa la jiko la mzee. Asilimia sabini na tisa, na hapo maswali yakamwishia, kidole cha mguu kimeanza kufa ganzi, na mzee akauinua mkongojo aende zake.

Avelina alikuwa amepiga magoti kando ya sanduku, makofi mkononi, macho kwenye kipimajoto kilichofika thelathini na tisa na nusu. Plagi ilikuwa hatua moja tu kutoka alipo. "Baba," akasema, "yule ng'ombe wenu aliyepotea, mlimpata?"

Ng'ombe huyo alipotea miaka ishirini na miwili iliyopita, na tangu apotee hakuna mtu aliyemuulizia. Mzee Alois akauteremsha mkongojo. Akaegemea mlango, akaanza na rangi yake. Alipofika kwenye kengele ya shingoni, programu ilitimiza asilimia mia, na globu ikazima yenyewe.

Hakuna aliyekuwa ameigusa. Avelina aliacha kupiga makofi, mikono ikabaki hewani. Joto likashuka taratibu, nukta kwa nukta, mpaka thelathini na saba, na globu ikawaka tena, vilevile yenyewe. Beda akainua pua, akaondoa kidole, akashindwa kunyooka, akabaki amechuchumaa huku anacheka na machozi yanamtoka. Mzee Alois alimaliza habari ya ng'ombe mpaka mwisho, akabariki nyumba, akaenda kuwatangazia wanajumuiya kwamba adabu haijafa Sumbawanga.

Basi na iandikwe katika habari za Ufipa, chini ya vita vikuu na juu ya mafuriko, kwamba siku hiyo Beda mwana wa Alfonsi alikitawaza kitufe kimoja, akampa mzee haki yake na yai haki yake, wala hakumdhulumu hata mmoja. Na Jumanne vifaranga hamsini na watatu walitoka.

Lakini hayo yalikuwa ya Jumanne. Jumamosi ile ile, sala zilipokwisha, Bibi Cornelia alirudi kuaga. Alimkuta Avelina amelala amekaa, kichwa kimeegemea sanduku, mdomo wazi. Beda akaanza kuchuchumaa amwamshe wamsalimie mkubwa wao pamoja. Bibi akamzuia kwa mkono, akavua kitenge chake cha begani, akamfunika Avelina mpaka kidevuni, akatoka nje kwa kunyata bila salamu ya mtu yeyote.