Siku Niliyoshika Ndoo ya Kura

Tangazo lilibandikwa asubuhi kwenye geti la soko, gundi bado inachuruzika: vyumba vya jengo jipya vitagawiwa leo hii, saa nne, kwa "random choice". Mengine yote yaliandikwa kwa Kiswahili. Hayo maneno mawili tu ndiyo waliyotuwekea kwa Kiingereza, nami nimeishi vya kutosha kujua kwamba mkubwa akibadili lugha katikati ya sentensi, shika mfuko wako.

Nilifika kwenye benchi la kahawa la Shangazi nikiwa nimeshakasirika. Hapo kijiweni huniita Lawama. Si jina la kuzaliwa, nimelitolea jasho.

"Haya Profesa, tafsiri," nikasema.

Profesa ni fundi saa. Uprofesa wake ni miwani.

"Random," akasema, akisafisha koo, "ni kuchagua bila kuchagua. Unafumba macho, unatia mkono, kitakachotoka ndicho. Kila mtu ana bahati sawa na mwenzake."

"Mkubwa akifumba macho, ujue mkono uko mfukoni mwako."

"Ndivyo Waingereza wanavyosema."

"Waingereza hawashoni viatu hapa! Mimi nikitupwa ghorofa ya tatu nimekwisha. Nani atapanda ngazi zote zile na kiatu kilichong'oka soli? Atafika pekupeku, aniombe maji ya kunywa."

"Mbona random ipo siku nyingi," akadakia Bonge, muuza ndoo. Mwili wake huchukua nusu ya benchi, maneno yake nusu iliyobaki. "Hata marehemu mkeo, mzee wangu, alikupata kwa random. Kwa akili timamu asingekuchagua."

"Mwongo," akasema Shangazi akimimina. "Marehemu alikuwa shoga yangu. Hakuchagua yeye, alichagua baba yake, na siku hiyo mzee wa watu miwani ilikuwa imevunjika."

Benchi zima likaangua kicheko, nami nikacheka. Marehemu mwenyewe angecheka kuliko wote, halafu nyumbani angeniambia nina haki ya kukasirika. Tangu aondoke hakuna wa kuniambia hivyo. Ndiyo maana nakasirikia hadharani.

"Tufanye mazoezi," nikasema.

"Mazoezi ya bahati?" Profesa akanikodolea macho.

"Kwani wacheza mpira hawafanyi?"

Nikakata vipande vitatu vya soli, nikaviandika kwa chaki: chini, katikati, juu. Nikavitia ndani ya buti la mteja, nikatikisa, nikafumba macho. Juu. Nikarudia. Juu. Nikabadili mkono. Juu.

"Kuna mchezo mchafu hapa!"

"Buti umeshika wewe," akasema Bonge. "Soli umekata wewe. Chaki yako, mkono wako."

"Basi wameshafika mpaka kwenye buti."

"Random haina kumbukumbu, mzee mwenzangu," Profesa akanituliza. "Haijui kama jana ilikuonea."

"Kumbe ni kama ofisi ya soko."

Saa nne msimamizi wa soko akatokea na ndoo ya kura, watu wakamzunguka. "Nataka mmoja wenu ashike ndoo. Nachagua kwa random." Macho yake yakazunguka kundi zima, yakatua kwangu. "Wewe. Unayelalamika sana."

"Hiyo siyo random!" akapiga kelele Profesa. "Umemtazama!"

"Hebu nyamaza," nikamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza ofisi ile kunichagua kwa lolote.

Sijaigusa ndoo, Bonge yuko sikioni: "Mzee wangu, bidhaa zangu hazipandi ngazi. Unikumbuke huko chini." Shangazi naye: "Shemeji, kahawa ya leo usilipe."

Mdomo wangu, naapa, ulijisemea wenyewe: "Tutaliangalia suala lenu."

Sikuangalia chochote. Karatasi zote zilikunjwa sawasawa. Hata ningetaka kuiba nisingejua pa kuanzia. Nikatikisa, wakachota. Profesa na Shangazi wakapata katikati. Bonge akapata chini, mlangoni kabisa. Mshika ndoo huchota mwisho, kwa hiyo nilichukua iliyobaki: ghorofa ya tatu, chumba cha pembeni, jirani na tangi la maji.

Nikasubiri pole. Ikaja minong'ono.

"Mmeona alivyomwinamishia Bonge ndoo?"

"Na kahawa ya bure tuliisikia!"

"Jamani!" nikapaza sauti. "Mimi mwenyewe nimetupwa ghorofa ya tatu! Mwizi gani huyo anayeanza kujiibia mwenyewe?"

Nikadhani wamenielewa.

"Kajipeleka juu makusudi ili tusimshuku," akasema Shangazi, akikusanya vikombe vyake. "Ama kweli wakubwa wana akili."

Wakatawanyika kwenda kutazama vyumba vyao huku wakinilaani, na aliyelaani kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Bonge.