Mkwe na Mkeka wa Mazoezi

Habari aliileta Redio, kahawa ikiwa bado inafuka. Jina lake ni Dorcas, ila hapa kijiweni kwetu Buhongwa tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia.

"Mmesikia? Bi Bernadeta kajiunga na mazoezi ya wazee pale ukumbini! Na raba kanunua, nyeupe pee!"

Fundi Chenge akaweka kikombe chini kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulilegea alipopata kiharusi, na ni hayo mazoezi yaliyoufikisha tena begani.

"Basi mimi nimeacha," akasema.

"Uache nini, Fundi?" Muhidin muuza kahawa akang'aka. "Juzi tu umefunga vifungo vya shati mwenyewe!"

"Yule ni mama mkwe wangu! Tangu nioe, nikimwona njiani nakatiza majaruba ya mpunga. Leo tulale mkeka kwa mkeka, mwalimu aseme 'miguu juu'?"

Nikaacha kuchambua dagaa wangu. "Heshima haikandi mkono, baba. Ukikauka huo, nani atakuvalisha?"

"Bi Rebeka, wewe hujamwona mkweo ndani ya suruali."

"Si ufumbe macho!" Redio akadakia.

"Nikifumba nitaanguka."

"Utaangukia wapi?"

"Ndiyo hofu yangu hiyo!"

Muhidin alicheka mpaka birika likamponyoka. Mara akasimama wima. "Shikamoo, mama!"

"Marahaba."

Alikuwa Bi Bernadeta mwenyewe, kajifunga kitenge juu ya suruali, raba zinang'aa. Chenge akageukia ukutani upesi. Bibi naye akageuka, akakodolea macho duka la dawa, akaongea nami utadhani mkwewe yuko Geita.

"Rebeka, kamwambie mkwe wangu nimehamia zamu ya jioni. Asubuhi ukumbi ni wake."

"Mwambie mama nashukuru sana," Chenge akauambia ukuta, "ila asubuhi nimeshazoea kukaa hapa. Mkono utapona wenyewe."

"Noma," Muhidin akanong'ona.

Bi Bernadeta akakaza fundo la kitenge, taratibu, hana haraka.

"Mwambie sawa. Na mimi asubuhi sina kazi, nyumbani kumepooza. Kuanzia kesho nitakuwa nakunywa kahawa hapa hapa. Wewe Muhidin, unifutie hilo benchi la katikati."

Chenge akainuka, uso bado ukutani.

"Mwambie mama, kesho jua likichomoza litanikuta nimeshalala mkekani."