Ndoa Namba Moja

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Jana Padri katangaza: parokia yetu inatimiza miaka mia. Wajukuu wa ndoa ya kwanza kufungwa hapa wataketi mbele, jirani na Askofu. Julieth, mwenyekiti wetu wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, akaanza kurekebisha kilemba palepale. Anadai ni ndoa ya babu yake, Samweli. Uongo! Babu yangu Ngollo alituambia mpaka anakufa kwamba bwana harusi wa kwanza kusimama kwenye altare ile ni yeye. Nimeshapeleka kitenge kwa fundi. Mabega yapande juu. Nataka kwaya isionekane.

Jumanne, 5 Agosti
Ofisini. Katekista Reveriani akasema vitabu vya zamani haviguswi. Nikatoa chupa ya asali. Akasema vinaguswa, ila kwa mikono safi. Kumbe ni Kilatini kitupu! Hata hivyo, ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza: Ngollo. Nikapiga kigelegele. Reveriani akaniomba niwahurumie wanaoungama chumba cha pili. Akasema pia pembeni kuna maneno madogo, tutafute mtu wa kuyasoma. Ya nini? Jina nimeliona. Saa sita haijafika, soko zima lina habari.

Alhamisi, 7 Agosti
Balaa! Julieth kaja ofisini na Mwalimu Fideli, mstaafu aliyewahi kusoma seminari. Mzee akavaa miwani, akasoma, akavua miwani, akanitazama.
“Pole, Bertila. Babu yako yumo. Ila jina lake limekatwa kwa mstari.”
Mimi nilidhani mstari ule ni wa heshima.
Maneno ya pembeni yanasema: asubuhi ya ndoa, Ngollo kashasimama altareni na binti aitwaye Janeti, akaingia mwanamke kutoka Ziba, nyumbani kwao Babu. Siku kumi kwa miguu, mtoto mgongoni. Akasema huyo bwana harusi ni mume wake. Ndoa ikafa hapohapo. Wageni wameshafika, pombe imeshaiva. Kabla jua halijazama, Janeti akafungishwa ndoa na msimamizi, Samweli.
Julieth akacheka mpaka akashika meza. Halafu akaomba mstari wa mwisho usomwe tena. Babu yake alikuja kusimamia tu!
Mwanamke wa Ziba ndiye bibi yangu. Mtoto wa mgongoni ni baba. Siku kumi! Na Bibi hakutuambia hata mara moja. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi la vitabu.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimepata hoja. Babu asingezuiwa, Samweli asingemwoa Janeti. Asingemwoa, Julieth asingezaliwa. Kwa hiyo kiti ni changu. Nikampelekea Padri. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema habari yote ataisoma siku ya jubilei, watu waone faida ya kutangaza ndoa mapema. Nikamsihi asithubutu. Wakati natoka nikapishana na Julieth mlangoni. Kaja kusihi hilohilo.

Jumapili, 17 Agosti
Kaisoma. Yote. Kwa kipaza sauti! Askofu alifuta machozi ya kicheko. Julieth kiti cha mbele, uso kauinamisha. Mimi nyuma ya nguzo, mabega ya gauni yakichungulia pande zote mbili.
Baada ya misa akaniletea sahani ya pilau. Akasema, “Dada Bertila, bibi yako angechoka njiani, mimi nisingekuwepo. Kula.”
Nikala. Tukacheka wote wawili. Nikaapa: mambo ya ukoo basi. Nimekoma.

Jumatatu, 18 Agosti
Zuena, jirani yangu, katoka Ujiji kwa ndugu zake. Kasema wazee wa huko wanatafuta wajukuu wa viongozi wa misafara ya zamani, wawape heshima hadharani. Mmoja aliitwa Bundala. Bundala! Ndilo jina la baba yake Babu Ngollo, na alibeba mizigo mpaka Ujiji! Zuena akasema nusu ya Unyamwezi iliitwa Bundala. Wivu huo. Akasema tena kumbukumbu zenyewe zimeandikwa Kiarabu. Kiarabu sijui, lakini jina la kwetu nitalitambua tu nikiliona.
Tiketi ya treni ya Kigoma nimeshakata.