Ombi la Kufuta Mlio wa Honi Katika Kamusi

Kwa Mhariri wa Kamusi,

Wewe ni mpwa wangu, lakini leo nakuandikia kiofisi, kwa hiyo habari za watoto zitangoja mwisho wa barua. Daktari ameniambia niweke mambo yangu sawa mapema. Nimeyatazama, nikaona yote yako sawa isipokuwa neno moja katika kamusi yako ya Kiingereza: honk.

1. Umeandika kwamba ni mlio wa bata bukini, kisha mlio wa honi ya gari. Kitanda changu kiko dirishani, juu ya barabara. Magari hayana idadi. Bata bukini sijamwona hata mmoja.

2. Umeandika kwamba honi ni ya kutahadharisha. Nani kakudanganya? Hapa chini madereva wa teksi huipiga kusalimiana, kutukanana, kuita abiria na kumwamsha mlinzi wa geti. Jana mmoja aliipigia taa nyekundu. Yote hayo umeyarundika katika neno moja, kama nguo za wiki nzima katika beseni moja.

3. Umeongeza kwamba Waingereza hulitumia pia kwa mtu anayepenga kamasi kwa kishindo. Mama yako hupenga hivyo tangu tukiwa wadogo, na hakuna gari lililowahi kumpisha.

4. Baba yako. Shemeji yangu huyo, na gari lake la mikate, hupiga honi mara mbili chini ya dirisha langu kila asubuhi, na haondoki mpaka nivute pazia. Nikichelewa hupaza sauti: "Shemeji, bado upo, au nikavae suti ya mazishi?" Majirani hucheka. Mimi nimefundisha Kiingereza mpaka nikastaafu. Sistahili kuitwa kwa honi kama abiria aliyesahau begi. Juzi nilimtuma mama yako amwambie akome.

Kwa hiyo naomba neno hilo lifutwe katika toleo lijalo. Watu hawawezi kuzoea kitu kisicho na jina. Likishafutwa kwako, waandikie Waingereza walifute na kwao. Bata wao watatafutiwa sauti nyingine.

Nisalimie mkeo, watoto, na mafundi wote wa kiwanda chako cha uchapaji.

Wako katika kazi ya maneno,
Mjomba

Baada ya kutia sahihi: Leo baba yako ametii. Amepita kimya kimya. Nilikaa na mkono juu ya pazia mpaka chai ikapoa, na nakiri, kwa kuwa sina tena muda wa kujifanya, kwamba niliogopa kuliko siku ile kwa daktari. Ombi langu litupe. Liache neno na bata wake na kamasi zake, ila ongeza maana moja: "Bado upo?" Mwambie baba yako kesho apige. Nisipovuta pazia, apige tena, huenda nimelala tu. Nikinyamaza hata hapo, akavae ile suti.