Bibi Aliyeshindwa Kutegemea

"Hivi wewe, mama yako ni ndugu yako kwa mujibu wa sheria gani?"

Aliyeuliza hivyo ni fundi viatu wa jirani, siku muuguzi alipomleta mama yake nyumbani na mabegi matatu. Alikuwa anatania tu. Wote wakacheka, kila mtu akashika njia yake. Serikali haikucheka. Mwezi haujaisha, Idara ya Uhakiki wa Undugu ilitangaza redioni, kwa fahari kubwa, kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtu atakayekuwa mama wa mtu kienyeji.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Nchi kadhaa zilitia saini Mkataba wa Uhuru wa Watu Kwenda na Kukaa. Mfanyakazi wa nchi moja aliweza kuvuka mpaka, akafanya kazi nchi nyingine, na kuja na mwenzi wake na watoto wake. Mzazi naye aliruhusiwa, ila kwa sharti moja: awe mtegemezi, yaani mtu anayemtegemea mwanawe. Muuguzi alikuwa amevuka kwa haki yake mwenyewe. Bibi, aliyefiwa na mumewe miaka sita iliyopita, alikuja kwa haki ya binti yake. Asipothibitika kuwa anategemea, angepewa siku kumi na nne arudi kwenye nyumba yake isiyo na mtu, na wajukuu wawili wabaki wanamlilia mama aliye zamu hospitalini.

Bibi hakulalamika. Alikuwa mtu wa kuheshimu serikali. Kila alfajiri aliwaombea wenye vyeo, kwa utaratibu, akianzia juu kabisa na kushuka hadi kwa makarani.

"Mama," binti yake alimwambia siku moja kabla ya ukaguzi, "kesho usifanye kitu. Kaa tu."

"Nikae mpaka lini?"

"Mpaka afisa aondoke."

"Nikae kama gunia?"

"Kama gunia, mama. Nakuomba."

Afisa Mhakiki alifika saa mbili kamili. Mtaa ulimwita Bwana Kipengele, kwa sababu hakuweza hata kuomba maji ya kunywa bila kutaja kipengele kinachomruhusu kuwa na kiu. Akafungua Fomu Namba Tisa, Kipimo cha Utegemezi. Kila huduma itakayotolewa ndani ya nyumba ingeandikwa, na mnufaika angetia sahihi papo hapo. Jioni wangehesabu. Anayehudumia kuliko anavyohudumiwa, huyo si mtegemezi.

Bibi akakaa. Kwa robo saa nzima alikaa vizuri sana, mikono mapajani, macho ukutani. Bwana Kipengele akaandika: "Anategemea kwa bidii."

Kisha mjukuu mdogo akajikwaa kwenye kamba za viatu vyake. Bibi akainuka akazifunga. Sufuria ikafurika jikoni, akaikimbilia. Kutoka jikoni akaona mgeni wa watu amekaa mdomo mkavu, na hilo moyo wake haukuliweza. Akaleta chai.

"Mama!" binti yake alinong'ona, macho yamemtoka. "Gunia!"

"Gunia gani linaacha mgeni na kiu?"

Bwana Kipengele alikunywa, akatia sahihi. Akaongezewa, akatia sahihi tena. Akachuchumaa kuokota kalamu sakafuni.

"Mwanangu, hiyo imeanguka mara ya nne."

"Ni mali ya Idara, bibi. Mfuko wa koti umefumuka. Nimeomba uzi kwa barua, mwaka wa pili huu, bado wanajadili rangi."

"Vua koti."

Akavua, akashonewa, akatia sahihi ya tatu. Alikuwa mtu mwaminifu; fomu haikujua kupendelea na yeye hakutaka kuifundisha.

Jioni hesabu ilisimama hivi: Bibi alikuwa ametoa huduma thelathini na moja. Alikuwa amepokea moja, pale binti yake alipomwambia pole.

"Inasikitisha, bibi," alisema Bwana Kipengele. "Wewe humtegemei mtu. Watu ndio wanakutegemea wewe."

"Ni vibaya?"

"Kisheria ni vibaya sana."

Wiki iliyofuata waliitwa kwa Mkurugenzi. Ofisi ilikuwa na zulia, feni, na meza ambayo mtu angeweza kuilalia bila kukunja miguu. Pembeni alikaa karani, mama wa makamo, mbele ya mashine ya kuchapa. Bibi alisalimia wote, akakaa karibu na binti yake na kumshika mkono.

Mkurugenzi akachukua amri ya kumwondoa Bibi. Kwa kanuni, amri ilipaswa kusomwa kwa sauti na yeye mwenyewe, la sivyo ni batili. Akavaa miwani. Mkono mmoja wa miwani ukachomoka, kioo kikaning'inia shavuni.

"Ahirisha," alisema.

"Lete hapa, mwanangu," alisema Bibi. Sindano na uzi havikumtoka kamwe kwenye mtandio wake. Akafunga, akakaza, akakata uzi kwa meno. Miwani ikatulia.

"Huduma ya thelathini na mbili," alisema Bwana Kipengele, akisogeza fomu. "Sahihi hapa, mzee."

Mkurugenzi akasaini. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amesaini kila kilichopita chini ya mkono wake, na hakuona sababu ya kuanza kusoma leo. Karani akaitazama fomu, akaomba ile amri kidogo, akachapa mstari mmoja chini yake, akairudisha.

Mkurugenzi akasafisha koo. "Mhusika ataondoka nchini pamoja na wategemezi wake wote. Mtegemezi hana haki yake mwenyewe. Hukaa anapokaa anayemtegemea, na huondoka anapoondoka." Alisoma hapo kwa mahaba. Kanuni hiyo aliitunga yeye, na ndiyo iliyompandisha cheo. "Wategemezi ni hawa: muuguzi. Watoto wawili. Afisa Mhakiki..." Akasimama. "Kipengele, unatafuta nini humu?"

"Chai, mzee. Mara mbili. Na mfuko."

"Na huyu wa mwisho?"

"Huyo ni wewe, bosi," alisema karani bila kuinua macho. "Umesaini sasa hivi."

"Mimi nimezaliwa nchi hii!"

"Kanuni haiulizi mtu amezaliwa wapi," alisema Bwana Kipengele kwa upole. "Inauliza anamtegemea nani. Uliifunga vizuri sana, mzee. Haina tundu."

Bibi akamhurumia.

"Usihofu, mwanangu. Kwangu mtaenea. Vyumba ni vitatu, bati linavuja upande mmoja tu. Ila tunaamka alfajiri kusali, na maji tunateka wenyewe."

Mkurugenzi akaiweka amri mezani. "Na mama huyu akibaki?"

"Wategemezi wake wote wanabaki naye."

Muhuri ukapigwa hata kabla Bwana Kipengele hajamaliza sentensi. KIBALI CHA KUISHI, BILA KIKOMO. Binti akamkumbatia mama yake, akalia, akacheka, akatafuta leso, na Bibi ndiye aliyekuwa nayo.

"Limebaki jambo dogo," alisema Bwana Kipengele, akitoa Fomu Namba Tisa mpya kutoka mfuko usiovuja. "Wategemezi hukaguliwa. Jumatatu, mzee, utakaa kitini kuanzia asubuhi hadi jioni bila kufanya kazi yoyote. Mimi nitahesabu."

Bibi akainama kuelekea mezani, sauti ya chini, kama anayemwonya mwanawe. "Ni mtihani mgumu, baba. Mimi ulinishinda baada ya robo saa tu."

"Usimwonee huruma, bibi," alisema karani. "Yeye anaufaulu mwaka wa kumi na moja huu."

Mkurugenzi akavua miwani, akautazama ule uzi, akaivaa tena. Kisha akainuka, akazunguka meza yake kubwa, akatoka kwenda kutafuta kazi ya kufanya.