Mioyo Hamsini kwa Kila Insha

Itangazwe kwa wote, wenye simu na wasio nazo: Idara ya Lugha ya Pili imeachana na madaftari. Kuanzia sasa mwanafunzi ataandika kwenye blogu, na insha isiyopata mioyo hamsini ya wasomaji imefeli, hata iwe tamu namna gani. Anayefeli anarudia darasa.

Jambo hili mkurugenzi alilibuni mwenyewe, akajipongeza mwenyewe. Ili idara isiaibike, aliwaamuru wafanyakazi wote waweke mioyo kwenye kila insha kabla ya chai. Yeye, kwa uzito wa majukumu yake, alimkabidhi katibu muhtasi simu yake: aweke moyo, na chini yake maneno ya kudumu, "Ni kweli tupu. Endelea hivyo hivyo." Kusoma hakukutajwa popote kwenye waraka.

Mambo yakaenda vizuri mpaka mwalimu alipotoa mada: eleza chumba unachokijua. Mama mmoja mshonaji, aliyetafuta cheti ili apate kazi kiwandani, akaeleza chumba cha darasa lao. Kimejaa makochi ya mkurugenzi, ufunguo anao yeye, na wanafunzi wanasomea ngazini.

Mioyo ikamiminika. Wa kwanza ulikuwa wa mkurugenzi: ni kweli tupu, endelea hivyo hivyo.

Bahati mbaya, makao makuu kuna mtu anayesoma. Walimpigia mkurugenzi simu kumpongeza kwa kukiri, wakataka maelezo yake kwenye blogu ile ile, kwa lugha ya pili, kwa masharti yale yale.

"Nani alikutuma upende ule upuuzi?" alimuuliza katibu muhtasi.

"Ni wewe, bosi. Ulisema nisikusumbue."

Kwa hasira akaifuta papo hapo ile amri ya wafanyakazi kuweka mioyo. Mshonaji alikuwa keshafaulu. Kisha mkurugenzi akajifungia, akaandika utetezi mrefu, akaurusha, akangoja. Chai ikaja, ikapoa. Alipoona maji yamezidi unga, akampigia mkewe amwekee moyo, naye alijibu kwamba hapendi asichokielewa, na kwamba makochi yale aliambiwa yameuzwa.

Mpaka jioni utetezi ulikuwa na moyo mmoja, wa kwake mwenyewe.

Jumatatu akaripoti darasani kurudia. Akauliza, kwa upole uliomshangaza hata yeye, kama hakuna pa kukaa penye nafuu.

Mwalimu akampisha kwenye ngazi. "Karibu, mwenzetu. Makochi yapo, ila chumba hakifunguliwi bila kibali cha mkurugenzi, na mkurugenzi yuko masomoni."